Kopo Jekundu la Mama Élise

Mlango aliufunga Franck, kweli, lakini aliufunga akiwa ndani.

Basi wale wasomaji waliokaa wiki nzima, tangu sehemu iliyopita, wakiapa kwamba amekimbia, washushe pumzi. Neno lilikuwa limekwisha kutoka kinywani mwa Ursule, mchana kweupe, ndani ya kile kibanda cha Franck cha kutengeneza redio na simu pale Makiso, katikati ya Kisangani: "Franck, mimi niko na kifafa." Franck aliweka vyombo vyake chini, akainuka bila kumtazama, akaelekea mlangoni. Ursule akafumba macho. Akasikia komeo likigonga.

Alipofumbua, mchumba wake alikuwa amechuchumaa mbele ya magoti yake.

"Rudilia," Franck alisema.

"Nini?"

"Rudilia, nisikie muzuri. Tangu wakati gani?"

"Tangu niko mutoto. Ninaanguka, ninatetemeka, nikiamuka sijue niko wapi. Dawa iko, ninameza kila siku, ninaweza kukaa miezi bila kitu. Halafu siku moja, paf! Niko chini mbele ya batu."

"Na miye niko na weye mwaka muzima, sikuona kitu?"

"Nilikuwa ninajificha. Nikisikia mwili haiko muzuri, ninakuambia niko na malaria."

Franck alitoa kicheko kifupi kilichomshtua hata mwenyewe. "Ah bon! Ile malaria yote!"

Ursule naye akacheka. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi, kwa kimya, hata kwa kofi. Kicheko hakukipangia chochote, kikampata ametupa silaha.

"Onyesha mukono," Franck alisema.

Wasomaji wangu mnamjua Ursule: fundi cherehani anayewashonea wenzake nguo za mikono mifupi, na yeye mwenyewe hata jua likiwaka vipi amevaa mikono mirefu. Alifungua kifungo. Akapandisha kitambaa taratibu mpaka juu ya kiwiko. Kovu lilianzia kifundoni, limekunjamana na kung'aa, la siku ile alipoangukia mbabula wenye makaa ya moto.

Nje ya nyumba ya baba yake, hakuna mtu aliyewahi kuliona.

Franck aliweka kiganja juu yake, chote, bila kusita.

"Ilikuuma sana?"

"Sikusikia. Nilisikia nyuma ya kuamuka."

Hapo ndipo Franck alipolia. Alilia kwa kwikwi, kichwa kimelala mapajani mwa msichana, mabega yakimtikisika. "Nitakuoa," alisema. "Hivi hivi. Sitakuacha hata siku moja. Unasikia? Hata siku moja!"

Mnadhani Ursule alirukaruka kwa furaha? Furaha ilikuja, ndiyo, tena ilimjaa mpaka kooni. Lakini ilikuja na mwenzake. Wakati uleule anamshika Franck kichwa, mkono wake mwingine ulikuwa unahangaika kukishusha kile kitambaa na kufunga kile kifungo. Alipopanda toleka kurudi nyumbani, nusu ya njia alikuwa anatabasamu nyuma ya mgongo wa mwendesha baiskeli. Nusu nyingine alitamani kumwambia ageuze, arudi mbio, akamwambie Franck yote yale yalikuwa mzaha.

Papa Augustin, baba yake, mvuvi wa kabila la Wagenia, alikuwa ameketi nje akisuka mtego wa samaki. Alimtazama binti yake mara moja tu.

"Umemwambia."

"Ndiyo, papa."

"Yote?"

"Yote."

"Na mukono?"

"Na mukono."

Mzee aliuweka mtego chini. Hakupandisha sauti, na Ursule angependa apandishe. "Ile uongo ya malaria ni miye nilianza," alisema. "Uliangukaga mbele ya kanisa, nikaambia batu ni malaria. Niliona nimekujengea ukuta. Mwanaume wa kwanza alisikia kwa jirani, akaenda. Sasa huyu wa pili umemupa mwenyewe, na mikono yako."

"Papa, nimechoka kujificha."

"Hata miye nimechoka. Lakini tukichoka sisi, ugonjwa haichoke."

"Hakukimbia, papa! Alilia."

"Alilia?" Papa Augustin aliinua uso. "Ulimuuliza analia juu ya nini?"

"Juu yangu. Juu ya nani tena?"

 Baba yake aliuchukua mtego wake, akaendelea kusuka, lakini vidole vilikuwa vinakosea.

Kesho yake, kabla Ursule hajafungua cherehani, Franck huyo mlangoni. Macho mekundu, shati la jana.

"Mama anataka kukuona. Dimanche, nyuma ya misa, saa ya kula."

Ursule aliganda. "Anataka kuniona juu ya nini?"

"Chérie, usikasirike..."

"Umemwambia!"

"Aliona uso wangu. Aliniuliza iko nini, mudomo ikafunguka yenyewe."

"Franck, ile neno ilikuwa yangu!"

"Ni mama yangu, Ursule."

"Ni mwili yangu!"

Wanawake waliokuwa wakipita na beseni za samaki waligeuza shingo. Ursule alimvuta ndani. Alitaka kumpiga. Alitaka vilevile kumshika mkono na kumwuliza kama mama yake alisikitika au alicheka. Miaka yote hiyo walinzi wa siri walikuwa wawili, yeye na baba yake. Tangu aiachie, mlango mmoja ulikuwa umekwisha kufunguka bila yeye kushika kitasa.

"Siendi," alisema.

Akaenda. Kutokwenda kungekuwa kukiri kwamba ana jambo la kuonea haya.

Mama Élise alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa katika komini ya Tshopo, mahali ambapo maporomoko ya mto wa jina hilohilo yanasikika mchana kutwa. Alimpokea Ursule kwa mikono miwili, akamkumbatia muda mrefu kuliko desturi, akamketisha mezani. Lituma ya moto, zile ndizi za kupondwa, samaki wa mchuzi, pondu ya majani ya muhogo. Watu watatu tu: mama, mwana, na mgeni.

Na hapo Ursule akaona.

Mbele ya Franck palikuwa na glasi. Mbele ya Mama Élise, glasi. Mbele yake yeye palikuwa na kopo la bati, jekundu, rangi imebanduka ukingoni.

 Alilijua jambo hili. Kwa shangazi yake walikuwa na sahani yake peke yake, iliyowekwa mbali na nyingine, kwa sababu watu wanaamini mate ya mgonjwa wa kifafa yanaambukiza. Kwa hiyo hata huku! Kukumbatiwa kote kule mlangoni, kisha kopo la peke yake.

Alivuta jagi lililokuwa mezani. Alijaza kopo tangawizi, akalisukuma mpaka mbele ya Franck.

"Kunywa."

Franck alilitazama. Midomo yake ilipauka.

"Sina kiu."

"Kidogo tu. Juu yangu."

"Ursule, hapana."

"Ulisema hivi hivi. Ulisema hata siku moja. Kunywa, Franck."

Franck alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Akatoka nje. Wakasikia hatua zake zikipita uani, zikashika njia ya kuteremkia mtoni.

Basi. Imekwisha. Ursule aliokota mkoba wake. Adabu haikumtoka. "Mama, asante sana kwa chakula. Miye ninarudi."

Mama Élise alinyosha mkono. Alilichukua lile kopo jekundu, akalipeleka kinywani, akanywa. Akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta midomo kwa kiganja, akaliweka mezani kwa kishindo.

"Kaa," alisema.

Ursule akakaa.

"Hii ugonjwa haiambukize. Ninaijua. Glasi inapasuka, mutoto wangu. Mutu akianguka na glasi mukononi, anajikata. Kopo ya chuma inaanguka tu, tunaiokota. Ni juu ya ile nilikuwekea."

Ursule aliuweka mkoba chini.

"Ulimi yako," Mama Élise aliendelea, "ukianguka, unaiumaga upande gani?"

"Ya kushoto."

"Emilie, yake ilikuwa ya kuume."

"Emilie ni nani?"

"Mutoto wangu wa kwanza. Dada ya Franck. Kopo ilikuwa yake."

Ursule aliliangalia lile kopo upya. Mwaka mzima na Franck, na jina hilo hakuwahi kulisikia.

Sasa sikieni jambo ambalo hata mimi ninayesimulia nimelionea wivu. Wanawake wale wawili walikaa pale, chakula kikapoa, wakazungumza. Ursule alisema mambo ambayo kwa Franck hayakutoka. Kwamba akizinduka anajikuta amelowa, na anajifanya amelala tena ili watu watawanyike. Kwamba hawezi kupika peke yake. Kwamba kitu cha kwanza anachokiona akirudi duniani ni viatu vya watu, viatu vimemzunguka, na hajui ni vya nani.

"Viatu!" Mama Élise alipiga makofi. "Emilie alikuwa anabichagua! Anaamuka pale chini, anasema: Mama, ile nyeusi ni muzuri, uninunulie!"

Walicheka mpaka wakashikana. Ursule alicheka huku machozi yanamtiririka, na safari hii hakuyafuta. Mama yake mzazi alikufa yeye akiwa mdogo. Hakujua kama mtu anaweza kuzungumziwa ugonjwa wake kwa kicheko namna hii, na kicheko kisimjeruhi. Aliwaza: kumbe nina mama. Aliwaza: kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Alikuwa bado anatabasamu alipouliza, "Alikufa na nini?"

Mama Élise aligeuza uso upande wa mtoni. Sauti ya maporomoko ikaingia ndani ya nyumba.

"Maji. Kule chini, alienda kufua. Nilimuambia Franck: fuatana na dada yako, usimuache. Franck ilikuwa mutoto, Ursule. Aliona benzake banacheza mupira. Wakati alirudi, nguo ziko juu ya jiwe, zimefuliwa muzuri. Dada hakuna."

"Hakuniambia, mama."

"Haambiake mutu. Hata jina yake haitakake. Nikiweka photo ku ukuta, anageuka." Mama Élise alishika mikono yote miwili ya Ursule. "Ile siku ulimuambia kama uko na hii ugonjwa, alikuja hapa mbio, akaanguka chini ya miguu yangu. Unajua alisema nini? Alisema: Mama, Mungu amenirudishia Emilie."

Ursule alihisi joto la mikono ile, na ndani yake baridi ikapanda.

Kumbe zile kwikwi. Kile kiganja juu ya kovu. Ile "sitakuacha hata siku moja." Alikuwa ameufunua mwili wake mbele ya mtu, na mtu yule alimwona mwingine.

"Ma fille," Mama Élise alisema, "ninakupenda. Tangu hii saa, ninakupenda kabisa. Ni juu ya ile ninakuomba: umuache."

"Juu niko mugonjwa?"

"Hapana! Juu yake. Hatalala. Ukienda ku maji, atakuwa nyuma yako. Ukipika, atakuwa nyuma yako. Siku moja atachoka kukulinda, atakuchukia. Na kama siku ile unaanguka..." Sauti ilimkatika. "Miye niliosha mwili ya Emilie na hii mikono. Ya pili sitaweza. Nisamehe. Vraiment, sitaweza."

Akamkumbatia. Ursule akabaki mle kifuani, kwa mwanamke aliyekuwa anamfukuza, na hakutaka kutoka. Mji mzima wa Kisangani haukuwa na mahali pengine ambapo angejulikana namna hii. Na hapo ndipo alipokuwa anaombwa aondoke.

"Mama, uniache nimuone kwanza," alisema mwishowe. "Aniambie yeye mwenyewe. Akinifungulia hata kidogo, nitabaki, tutabeba pamoja. Nitamwambia miye si Emilie, na yeye atalia ya kweli."

"Na asipofungua?"

Ursule alikuwa amekwisha kutoka nje.

Alimkuta Franck kule chini, amesimama juu ya mawe yaliyolowa, maji ya Tshopo yakipita kwa kasi hatua chache kutoka miguu yake. Mbali kidogo, upande wa juu, wanawake walikuwa wanafua na kuitana. Ursule alishuka kwa uangalifu, jiwe hadi jiwe, akamzunguka mpaka wakawa uso kwa uso, yeye akiwa upande wa maji.

"Pardon," Franck alisema haraka. "Juu ya ile kopo."

"Sababu gani hukunywa?"

"Sijue. Joto. Nilisikia kichwa inazunguka."

"Franck." Alitamka jina lile kwa upole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Miye nilikufungulia mukono. Nilikufungulia yote, hata haya yangu. Sikuombe kitu kikubwa. Niambie kitu moja tu."

"Nini?"

"Niambie juu ya Emilie."

Franck hakusogea. Ursule aliliona jina likimpanda: kifuani, shingoni, likafika mdomoni, taya likaanza kucheza. Alilijua lile lango. Siku chache tu nyuma yeye mwenyewe alikuwa amesimama hapohapo, ulimi mzito kama jiwe, neno limekwama. Moyo wake wote ulimwendea. Angemsaidia kulisukuma kama angeweza. Sema, Franck. Sema tu, nami niko hapa, sitakimbia.

Franck alimeza mate.

"Emilie nani?" alisema.

Tena alisema akitabasamu, lile tabasamu analompa mteja ambaye simu yake imeshindikana.

Ursule hakukasirika. Alitafuta hasira, hakuikuta. Kulikuwa na kitu ndani yake kilichowaka tangu mchana ule wa Makiso, kikazima kimya kimya, hata moshi hakikutoa. Alimwonea huruma. Alijionea huruma. Akaona aibu pia, aibu ya ajabu, ya mtu aliyevua nguo akidhani wote wanavua.

"Hakuna mutu," alijibu. "Tupande, mama anangoja."

Akainua mguu ili akanyage jiwe la kwanza la kupandia.

Kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kikaruka.

Alikitazama. Kikaruka tena, peke yake, kama kuna mtu anakivuta kwa uzi. Loo! Ishara hii aliijua yeye na baba yake tu. Huanza kidole gumba, kisha taya, kisha giza. Kati ya kidole na giza kuna nafasi ya neno moja, labda mawili. Chini ya miguu yake jiwe lilikuwa na utelezi, na nyuma ya visigino vyake mto ulikuwa unaunguruma.

Karibu hapakuwa na mwingine wa kumwomba. Mtu huyo ndiye aliyekuwepo, yeye na uongo wake. Ursule akamnyoshea mkono.

"Nishike!"

Franck hakumtazama usoni. Alikitazama kile kidole. Hapo hapo tabasamu likabomoka, macho yakamtoka, na Ursule, katika nuru ile ndogo iliyombakia, akaelewa kwamba Franck amewahi kuona kidole kikiruka hivyo. Anajua kinachofuata. Anajua kuliko mtu yeyote Kisangani.

Midomo yake ilifunguka, ikaita jina. Halikuwa la Ursule.

Kisha akapiga hatua moja. Ya kurudi nyuma.